Kwa Nini Ngurumo Haziihami Tororo

Hakuna mkulima wa Nabuyoga, wala askari wa lindo mpakani Busia, asiyeijua tabia ya mbingu za pande hizo. Asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu hujijenga kama mlima mweusi, na kabla ya kuku kurudi bandani ngurumo zimekwisha anza. Tena jambo hilo limehesabiwa. Kati ya mwaka 1967 na 1976, Tororo ilipata wastani wa siku 251 zenye ngurumo kila mwaka, yaani zaidi ya theluthi mbili za mwaka. Hesabu hiyo iliupa mji huo sifa duniani kote.

Chanzo chake ni nini? Hewa ikitulia mahali kwa siku nyingi huchukua hali ya mahali hapo. Iliyotulia juu ya bahari yenye joto hujaa unyevu. Iliyotulia juu ya jangwa hukauka. Hewa ya namna moja ikienea mamia au maelfu ya kilomita huwa tungamo moja, na popote iendapo hubeba tabia ya kwao.

Uganda ya Mashariki hufikiwa na matungamo matatu. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi, nao huacha sehemu ya unyevu wake katika nyanda za juu za Kenya. Kaskazi hutoka pande za Arabuni, na mara nyingi ni mkavu. Ndiyo sababu Januari vumbi hutawala. La tatu hutoka magharibi, katika misitu ya Kongo, likiwa na unyevu mwingi. Kusi na kaskazi hukutana katika mkanda unaolifuata jua, nao huvuka Ikweta mara mbili kwa mwaka. Hapo ndipo mvua kubwa zinapopatikana.

Hata hivyo, majira hayo peke yake hayatoshi kueleza siku 251. Sababu iliyobaki ni Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa nyevu ya ziwani huja kushika nafasi yake. Ikielekea Mlima Elgon, wenye kimo cha meta 4,321, na kukabiliana na pepo za mashariki, hulazimika kupanda. Huko juu hupoa na kuwa wingu, na chembe za barafu zikigongana ndani yake huzaa umeme. Usiku mambo hugeuka: hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba humkuta mvuvi majini.

Elimu hii ina faida kwa kila nyumba, kwani radi huua. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, radi iliwaua wanafunzi wapatao 18 kwa pigo moja.

Basi yafaa kazi za shambani na safari za ziwani zipangwe kwa kuangalia mbingu. Ngurumo ikisikika, jembe liwekwe chini na watoto watolewe chini ya mwembe. Kibanda cha nyasi hakizuii radi. Gari lenye bodi na paa la chuma, au jengo kubwa lenye kinga ya radi, ni salama zaidi. Askari aliye doria aondoke kilimani na kwenye mlingoti wa redio. Watu wasitoke nje mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, kwa hiyo asiogopwe: ashikwe, asaidiwe kupumua, na apelekwe hospitali mara moja.

Mbingu haziamrishwi na mtu, lakini mwenye kuzijua dalili zake huwahi kuikusanya jamaa yake kabla ya wingu kufika.