Sunburst: roki nzito ya Dar es Salaam iliyorekodiwa Zambia

Tukitaja muziki wa miaka ya 1970, wengi wetu tunakumbuka dansi: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Lakini Dar es Salaam ilikuwa pia na vijana waliopiga roki. Bendi yao iliitwa Sunburst, na mwaka 1976 ilirekodi albamu iitwayo Ave Africa. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut iliitoa upya, na wapenzi wa roki huko Ulaya na Marekani wakaipokea kwa furaha. Wanasikia nini ndani yake?

Ilivyoanza

Sunburst ilianza mwaka 1970. Mwaka mmoja kabla, viongozi wa mkoa walikuwa wamepiga marufuku muziki wa soul jijini, wakisema unaharibu utamaduni. Sunburst hawakuacha magitaa ya umeme. Walichanganya roki, soul na midundo ya nyumbani, wakaimba Kiswahili na Kiingereza, na mtindo wao wakauita Kitoto. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, na gitaa lilipigwa na Hembi Flory Kongo.

Utamu wake uko wapi?

Kwanza ni gitaa linalonguruma. Mpigaji hukanyaga kifaa kidogo kinachoikuza sauti kupita kiasi, hadi ikwaruze. Pili ni mabadiliko. Katika dansi, wimbo huanza taratibu kwa maneno, kisha huja chemko. Katika roki ya aina hii, mwendo unaweza kubadilika katikati, kinanda kikachukua nafasi ya sauti, kisha ngoma zikabaki peke yake. Tatu ni ujumbe: wimbo kama Enzi za Utumwani unagusa historia yetu wenyewe.

Kwa sisi wa Kagera, uvumilivu wa kusikiliza si jambo geni. Mpiga enanga hamalizi kisa kwa dakika tatu. Hurudia mlio uleule, akaongeza neno, akapandisha sauti, na msikilizaji hungoja. Sikiliza Sunburst kwa sikio hilohilo.

Kwa nini Zambia?

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi, lakini kwa ajili ya matangazo. Aliyetaka santuri alivuka mpaka. Bendi nyingi zilikwenda Nairobi. Zambia nayo ilikuwa na bendi zake za roki, kama WITCH na Amanaz, na huko ndiko albamu ya Sunburst ilikopatikana. Bendi haikudumu sana baada ya hapo.

Kilichoiokoa

Toleo la 2016 lina pia nyimbo ambazo Sunburst walirekodi redioni mwaka 1973. Zipo kwa sababu kanda ilitunzwa. Wazee wetu wa enanga wengi hawakupata hata kanda moja. Kama kijijini kwako yupo bado anayepiga, mwombe ruhusa umrekodi kwa simu, uandike jina lake, mahali na tarehe, na nakala umwachie mtu mwingine pia.

Ukitaka kusikia Sunburst, tafuta mtandaoni jina la bendi pamoja na Ave Africa. Tumia spika za masikioni, kwani spika ya simu huimeza besi. Kama bando ni dogo, anza na wimbo mmoja, usikilize mpaka mwisho.