Wakati ngozi inakataa malashi

Tuseme mama mumoja wa Katuba anajikuna shingo na makwapa tangu wiki mbili. Pale anapojikuna pamekuwa peusi zaidi, pakavu, penye vipele vidogo. (Kwa ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu, mara nyingi hauonekani.) Jirani anasema ni samaki alikula. Shangazi anasema kuko mutu amemutupia kitu. Tukimuuliza juu ya malashi yake, anacheka: «Ile? Niko naitumia tangu miaka tano!»

Ni hapo watu wengi wanajidanganya. Alerji haiko kama sumu. Sumu inachoma kila mutu. Alerji inashika mumoja na kumuacha dada yake, hata wakijipakaa mafuta ya kopo moja. Askari wa mwili wanaweza kukutana na kitu miaka mingi bila kusema neno. Kisha siku moja wanakihesabu kuwa adui, na tangu siku ile hawasahau tena. Wala hawaamuki palepale: mara nyingi ngozi inaanza kuwasha kisha siku moja, mbili ao tatu. Mama anajipulizia malashi siku ya yenga, anajikuna siku ya pili, na anashitaki samaki ya jana.

Malashi haiko katika chupa tu. Iko katika sabuni ya kuoga, sabuni ya unga, mafuta ya nywele, poda ya mutoto, dawa ya kusafisha nyumba. Juu ya kopo unasoma neno moja tu, PARFUM, lakini chini ya neno lile vitu makumi vinaweza kujificha. Tangu mwaka 2005 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai majina ya vitu 26 vya harufu yaandikwe juu ya vipodozi. Mwaka 2023 hesabu ikapita 80. Ndiyo sababu unaona LINALOOL, LIMONENE, GERANIOL. Vingi vinatoka katika maua na maganda ya machungwa, basi neno «naturel» halikukingi. Linalool na limonene zikikutana na hewa zinazidi kuleta alerji: ile chupa ya zamani unayochunga ni ya kuogopa kuliko mupya.

Kuko jambo moja linatuhuzunisha sana. Mwenye kujikuna anakimbilia mafuta ya kufanya ngozi nyeupe. Mengi yana dawa kali, kama ile inayoandikwa «clobétasol». Kisha siku mbili ngozi inatulia, mama anafurahi. Akiacha, yote inarudi kwa nguvu, naye anapakaa tena. Ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, vidonda vinakawia kupona. Na mara nyingi kopo lile lenyewe limejaa malashi!

Ufanye nini? Acha vyote vyenye harufu kwa wiki mbili ao tatu. Oga na sabuni isiyo na malashi, jipakaa vazelini isiyo na harufu. Mwenye kufua nguo za watu avae mifuko ya mupira mikononi, zaidi katika baridi kavu ya mwezi wa sita na wa saba, wakati mikono inapasuka na kuacha mulango wazi.

Ngozi ikipona, jaribu mafuta moja tu: pakaa kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba. Ikiwasha, umemupata mwizi. Usijaribu hivyo na sabuni ya unga. Ile inachoma ngozi ya kila mutu.

Alerji haiambukizi. Lakini kama nyumba nzima inajikuna, zaidi usiku na katikati ya vidole, ile ni gale, inaomba dawa nyingine. Uso ukivimba, pumzi ikikatika, ao ngozi ikitoa usaha pamoja na homa, usingoje, kuja kwa munganga.

Na ukikuja, leta makopo yako yote katika mufuko mumoja, hata lile unalomuficha bwana.