Hitilafu katika Kupima Umumunyifu wa Chokaa kwa Titresheni

Katika maabara za shule na vyuo, maji ya chokaa hujulikana zaidi kwa kazi moja: kuthibitisha kwamba pumzi ya binadamu ina kabonidioksaidi. Mwanafunzi hupuliza kwa mrija, nayo maji yakageuka meupe mithili ya maziwa. Hata hivyo, maji hayohayo yanazua swali jingine linaloonekana jepesi kuliko lilivyo: lita moja ya maji huweza kumumunyisha chokaa kiasi gani? Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi swali hilo linavyojibiwa kwa titresheni ya asidi na besi, na ni kwa nini jibu lake huweza kuwa potovu hata pale ambapo vipimo vyote vimeafikiana.

Yafaa istilahi zitenganishwe mapema. Katika mazungumzo ya kila siku barafu huyeyuka, na sukari nayo huyeyuka katika chai. Mwanakemia hawezi kustahimili mseto huo. Barafu hugeuka kutoka yabisi kuwa kiowevu kwa sababu ya joto, ilhali sukari husambaa miongoni mwa chembe za maji. Hili la pili ndilo kumumunyika, na kikomo chake katika jotoridi fulani ndicho umumunyifu. Vivyo hivyo kwa neno "kosa". Kosa lina mkosaji. Hitilafu ya kipimo si lazima iwe na mtu wa kulaumiwa. Ripoti nyingi za maabara huhitimishwa kwa kirai "makosa ya kibinadamu", kirai kisichoeleza lolote, maadamu hakisemi iwapo jibu limepanda au limeshuka, wala kwa kiasi gani.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unga wa chokaa, yaani haidroksaidi ya kalsiamu, hutiwa kwa wingi katika maji yaliyokenekwa, ukatikiswa na kuachwa usiku kucha, chupa ikiwa imezibwa. Mmumunyo huchujwa, kisha sentimita za ujazo 25 hupimwa kwa pipeti na kutiwa asidi ya hidrokloriki kutoka kwenye bureti hadi kiashiria kibadilike rangi. Katika jotoridi la nyuzi 20 za Selsiasi, lita moja ya maji humumunyisha takriban gramu 1.7 za chokaa. Kwa asidi ya moli 0.05 kwa lita, hesabu hiyo huhitaji takriban sentimita za ujazo 23 za asidi.

Wanafunzi wengi huelekeza hofu yao yote kwenye bureti. Ni kweli kwamba jicho lililo juu au chini ya usawa wa kiowevu husoma visivyo, kwamba kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya bilula huongeza usomaji kikitoka, na kwamba bureti iliyosuuzwa kwa maji pekee huzimua asidi na kuifanya itumike kwa wingi kuliko inavyostahili. Lakini hitilafu ya sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo katika 23 haifikii hata nusu ya asilimia moja. Hitilafu kubwa huwa zimekwisha kuingia kabla ya bureti kujazwa.

Chukua mfano wa chujio. Punje za chokaa ambazo hazijamumunyika zikipenya karatasi ya kuchujia na kuingia katika chupa ya titresheni, asidi huzishambulia kama inavyoushambulia mmumunyo wenyewe. Titresheni huhesabu besi. Haiulizi besi hiyo ilikuwa imemumunyika au la. Miligramu moja tu ya punje hizo hudai zaidi ya nusu ya sentimita ya ujazo ya asidi, na jibu hupanda kwa zaidi ya asilimia mbili. Aidha, ikiwa mchujo mzima una ukungu wa punje hizo, titresheni ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zitapanda pamoja, na mwanafunzi atafurahia ulinganifu wake. Wingi si hoja.

Upande wa pili kuna mmumunyo ambao haujashiba. Chupa iliyotikiswa kwa dakika chache hutoa majibu yanayolingana barabara, yote yakiwa chini ya kiwango. Ipo njia ya kuubaini upungufu huu. Chupa moja huanzishwa katika maji baridi na nyingine katika maji ya moto, kisha zote mbili huwekwa katika jotoridi moja kwa siku nzima au zaidi. Majibu yao yakikutana, kushiba kumefikiwa.

Kabonidioksaidi ya hewani nayo haina huruma. Ndani ya chupa yenye mashapo ya chokaa, hasara yake hufidiwa, kwa kuwa chokaa nyingine humumunyika. Mchujo ulioachwa wazi hauna akiba hiyo: besi hugeuka kabonati na utando mweupe hutanda juu. Fenolftalini hupoteza rangi yake ya waridi kabla kabonati hiyo haijamalizwa na asidi, hivyo jibu hushuka. Methili oranji hubadilika baadaye, wakati kabonati nayo imekwisha kuliwa. Kwa hiyo sampuli mbili za mchujo mmoja, kila moja ikitumia kiashiria chake, hufichua kiasi kilichoharibiwa na hewa, mradi utando huo usichujwe na kutupwa.

Linalosalia ni jotoridi, na hapa chokaa huwahadaa wengi. Tofauti na sukari, chokaa humumunyika kidogo zaidi maji yanapopata joto: takriban gramu 1.9 kwa lita katika nyuzi 0, lakini takriban gramu 0.7 pekee katika nyuzi 100. Anayeuchemsha mmumunyo ili "kuusaidia" kisha akauchuja ukiwa moto, huwa ameitupa chokaa pamoja na karatasi. Zaidi ya hayo, "joto la chumba" linaloandikwa katika ripoti si kitu kimoja kila mahali. Katika nyuzi 30, kama ilivyo alasiri ya Mombasa, umumunyifu ni takriban gramu 1.5; asubuhi ya Eldoret itatoa zaidi ya gramu 1.7. Maabara hizo mbili zikilinganisha majibu bila ya kuandika jotoridi, kila moja itadhani mwenzake ndiye aliyekosea.