Tarehe Yenye Thamani ya Mamilioni

Kati ya mwaka 1998 na 2002, Maxim, kampuni ya chipu za elektroniki ya California, ilimpa mtendaji wake mkuu, John Gifford, haki za kununua hisa mara 9. Mwanahisa aliyefungua kesi katika jimbo la Delaware alidai kwamba tarehe zote 9 ziliangukia siku ambazo bei ya hisa ilikuwa chini kupita kawaida, au siku moja tu kabla haijaruka juu. Alitegemea hesabu za benki ya Merrill Lynch: haki walizopewa viongozi wa Maxim zilizaa faida inayolingana na asilimia 243 kwa mwaka, wakati soko lilizaa asilimia 29. Bahati ya namna hiyo haimwangukii mtu mara 9 mfululizo.

Haki hizi ni ahadi: miaka ijayo utaruhusiwa kununua hisa kwa bei ya leo. Bei ikipanda, tofauti ni yako. Isipopanda, huambulii kitu. Wanahisa hukubali malipo haya kwa sababu bosi anapata pale tu kampuni inapopata, na mpango walioupigia kura huko Maxim ulikataza kutoa haki kwa bei iliyo chini ya ile ya soko siku hiyo. Sasa chukua bodi inayokaa Desemba, inatazama nyuma, inaona siku ya Oktoba ambayo bei ilikuwa chini, kisha inaandika tarehe hiyo. Faida imeshaingia kabla bosi hajafanya lolote. Mahesabu ya kampuni nayo yanakuwa ya uongo, maana punguzo hilo lilipaswa kuandikwa kama gharama.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Apple. Steve Jobs alipewa haki za kununua hisa milioni 7.5 kwa dola 18.30 kila moja, na kumbukumbu zikasema bodi ilikutana tarehe 19 Oktoba 2001. Kampuni yenyewe ilikiri mwishoni mwa 2006 kwamba kikao hicho hakikuwahi kufanyika. Shughuli ilikamilika tarehe 18 Desemba, hisa ikiwa imefika dola 21.01. Zidisha tofauti kwa idadi ya hisa: zaidi ya dola milioni 20, zimetokana na muhtasari wa kikao cha kubuni. Jobs hakuwahi kuzitumia haki hizo. Zilifutwa mwaka 2003 akapewa hisa za aina nyingine. Lakini karatasi ilikuwa ya uongo siku ilipoandikwa.

Mahakama za Delaware kwa kawaida hazimuulizi mkurugenzi kwa nini amemlipa mtu pesa nyingi. Huo ni uamuzi wa kibiashara. Tena mwanahisa hadai haki yake mwenyewe. Anadai kwa niaba ya kampuni, hivyo anatakiwa kwanza kuiomba bodi ishtaki. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyoidhinisha tarehe. Ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Tarehe 6 Februari 2007 Jaji William Chandler aliiruhusu kesi ya Maxim iendelee bila ombi hilo. Alisema kwamba kukiuka kwa makusudi mpango uliopitishwa na wanahisa, kisha kuwadanganya kuhusu ukiukaji huo, hakuwezi kuitwa nia njema. Naiona ni hukumu ya haki kabisa, kwa sababu aliacha ukubwa wa malipo akashika uongo. Kesi iliishia kwenye maridhiano.

Fedha zinakwenda wapi? Katika UnitedHealth, kampuni ya bima ya afya iliyokumbwa na kashfa hiyohiyo ya tarehe, mtendaji mkuu wa zamani William McGuire alikubali mwaka 2007 kurudisha na kuachia zaidi ya dola milioni 400, pamoja na faini ya milioni 7. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliirudia kampuni. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikakubali kulipa dola milioni 895 kwa wanahisa waliosema walinunua hisa kwa bei iliyopambwa. Waliongozwa na mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California. Fungu hili la pili lilitoka kwenye kampuni, yaani kwa wanahisa waliobaki. Aliyeshikilia hisa zake kwa uaminifu alichangia kumlipa aliyenunua kwa bei hiyo.

Ndiyo maana naamini dawa bora zaidi ilikuwa kanuni moja kavu. Tangu Agosti 2002, chini ya sheria ya Sarbanes-Oxley, kiongozi anayepewa haki hizi lazima atangaze ndani ya siku 2 za kazi; awali angeweza kukaa kimya kwa wiki, hata miezi. Profesa Erik Lie wa Chuo Kikuu cha Iowa, ambaye utafiti wake wa 2005 ndio uliofichua mchezo huu, alirudi kwenye takwimu pamoja na mwenzake Randall Heron. Waligundua kwamba bahati ile ilikuwa imepungua sana baada ya kanuni, na kwamba mabaki yake yalikuwa katika zile siku chache kati ya tarehe iliyoandikwa na siku ya kutangaza, hasa kwa wale walioendelea kuchelewesha fomu zao.