Kinyonga Atagaye na Kinyonga Azaaye: Somo la Joto Kutoka Rungwe

Katika sehemu nyingi za Tanzania watoto husimuliwa kwamba kinyonga hazai ila kwa kufa. Siku zake zinapotimia, husemwa, hupanda mti, hujiachilia na kuanguka chini. Tumbo likapasuka na watoto wakatoka. Simulizi hii ni moja ya sababu za kiumbe huyu mpole kuogopwa, na mnyama aogopwaye huuawa bila kuulizwa kosa lake. Hata hivyo, kama ilivyo katika simulizi nyingi za wazee, ndani yake mna chembe ya jambo lililoonwa kweli kwa macho.

Wilaya ya Rungwe ni mahali pafaapo sana kuitafuta chembe hiyo. Katika nyanda hizi na zile zinazopakana nazo, kwa safari ya saa chache tu, hupatikana reptilia watagao mayai na reptilia wazaao watoto walio hai. Atakayeelewa kwa nini wako wa namna mbili atakuwa ameelewa pia jinsi ya kulitunza yai la mjusi nyumbani au shuleni mpaka lianguliwe.

Ngazi ya joto

Barabara itokayo Kyela huanza karibu na ufukwe wa Ziwa Nyasa, usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hupanda hadi Tukuyu, ikapita Kyimo, penye migomba, chai na maparachichi, kisha ikaendelea kuelekea Mbeya huku Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ukibaki upande wa mashariki. Asafiriye asubuhi kutoka Kyela akiwa na shati jepesi hutamani sweta kabla hajafika mbali.

Sababu yafahamika. Kwa kadiri, joto la hewa hupungua nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mwanafunzi na afanye hesabu: ikiwa wastani wa joto penye mita 500 ni nyuzi 25, basi penye mita 1,500 utakuwa nyuzi 19, na penye mita 2,500 utakuwa nyuzi 13. Kwa binadamu tofauti hiyo ni ya blanketi moja au mawili. Kwa yai lililofukiwa ardhini, ni tofauti ya uhai na kifo.

Yai la reptilia si yai la kuku

Kila nyumba ya Kyimo yenye kuku hujua kwamba yai huanguliwa baada ya siku 21. Kuku huyaatamia mayai yake kwa joto la mwili, karibu nyuzi 37 au 38, na huyageuza kwa mdomo mara nyingi kila siku. Ndani ya yai hilo mna nyuzi mbili za ute mzito zinazokishikilia kiini katikati, kisigandamane na gamba.

Yai la reptilia halina nyuzi hizo. Baada ya kutagwa, kiinitete hukaa upande wa juu wa kiini, na mapema sana tando zake hujishikiza kwenye upande wa ndani wa gamba, mahali ambapo hewa itapitia. Yai likigeuzwa baada ya hapo, tando huweza kuchanika, au kiini kikakilemea kiinitete, nacho kikafa. Kwa hiyo kazi ambayo kuku huifanya kwa mapenzi ya mama ndiyo kosa kubwa ambalo mtunzaji wa mayai ya mjusi huweza kulifanya.

Jambo la pili ni maji. Mayai ya kinyonga, nyoka na kenge yana gamba laini kama ngozi, nayo hunyonya maji kutoka kwenye udongo na kuvimba kadiri kiinitete kinavyokua. Udongo ukikauka, mayai hunyauka. Ukijaa maji, hukosa hewa. Mayai ya mjusi kafiri, yule atembeaye ukutani usiku akiwinda wadudu penye taa, yana gamba gumu la chokaa na hubeba maji yake yenyewe.

Jambo la tatu, na ndilo kuu, ni joto. Reptilia walio wengi hawana joto la mwilini la kuyapa mayai yao. Joto lazima litoke mahali pengine, na kila mzazi hulitafuta kwa njia yake.

Nani atoaye joto?

Kinyonga wa tambarare, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, huliachia jua kazi yote. Jike huteremka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai kadhaa yawezayo kupita 30, huyafukia, kisha huenda zake wala harudi. Mayai hukaa ardhini kwa miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mitano, na pengine hukaribia mwaka. Utaratibu huo hufaa pale tu ambapo udongo hupata joto la kutosha.

Kenge hutafuta nyumba ya wengine. Baada ya mvua kuulainisha udongo wa kichuguu, jike hukitoboa, hutaga ndani na kuondoka. Mchwa, bila kujua kwamba wamepata wapangaji, huliziba tundu. Ndani ya kichuguu hewa ina unyevu na joto halibadilikibadiliki, usiku wala mchana. Mafundi watengenezao mashine za kutotolea vifaranga hutafuta hali hiyohiyo kwa umeme; mchwa huipata kwa udongo na jasho. Makinda huweza kungoja humo mpaka mvua nyingine ikilainishe kichuguu, ndipo watoke.

Chatu amekwenda hatua moja zaidi. Jike huyazungukia mayai yake na kuyalinda. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 na Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba jike wa chatu wa kusini mwa Afrika hutoka kuota jua mpaka mwili wake ukakaribia nyuzi 40, kisha hurudi shimoni kuyakumbatia mayai. Huyo ni mama aendaye kuchota joto kama vile mtu achotavyo maji kisimani.

Basi fikira ipige hatua moja ya mwisho. Ikiwa mama huweza kulichukua joto la jua na kulipeleka kwenye mayai, kwa nini asiyachukue mayai yenyewe na kuyapeleka kwenye jua? Hivyo ndivyo walivyo vinyonga wa milimani. Katika misitu ya Rungwe na Poroto huishi kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu, Trioceros fuelleborni. Jina hilo lilitolewa na Gustav Tornier mwaka 1900 kwa heshima ya daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn, aliyefanya kazi katika nyanda hizi. Jike wa kinyonga huyu hafukii mayai katika udongo wa baridi. Huyahifadhi tumboni kwa miezi kadhaa, huku kila kunapokucha akijongea penye miale ya jua, akaugeuza ubavu wake na kuufanya rangi ya giza ili unyonye joto. Jua likipotea, hungoja; likirudi, huota tena. Yeye mwenyewe amekuwa mashine ya kutotolea, itembeayo kwa miguu minne.

Njia hiyo ina gharama yake. Jike mwenye mimba ni mzito na mwepesi kukamatwa na ndege au nyoka. Akifa yeye, kizazi chote hufa naye. Lakini mahali ambapo udongo haupati joto, gharama hiyo yastahili kulipwa. Ndiyo maana kuzaa kumejitokeza zaidi ya mara moja katika ukoo wa vinyonga, na mara nyingi katika nchi za baridi.

Chembe ya ukweli

Sasa yawezekana kuirudia simulizi ya watoto. Kinyonga azaaye huwatoa watoto mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ndani ya kifuko chembamba chenye kunata. Kifuko huangukia tawi, jani au ardhi. Mtoto hujinyoosha, hukipasua, na baada ya muda mfupi hutambaa peke yake. Mtu aliyeona kwa mbali kitu kikianguka kutoka kwa kinyonga, kikapasuka na mtoto akatoka, alikuwa ameona kweli. Huenda alikosea jambo moja tu: kilichopasuka ni kifuko, wala si tumbo. Mama hubaki hai, na huweza kuzaa tena.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulithibitisha somo la joto kwa mayai ya mjusi kafiri. Jike hutaga mayai mawili meupe, ya mviringo, katika nyufa, nyuma ya mbao au ndani ya masanduku ya zamani. Yatafutwe yale ambayo yangeharibika, kwa mfano nyumba inapokarabatiwa. Mayai yaliyogandamana ukutani yasibanduliwe, kwa kuwa gamba huvunjika.

Kabla yai halijainuliwa, litiwe alama ndogo ya penseli upande wa juu. Tangu hapo alama isiache kutazama juu. Lilazwe juu ya mchanga mkavu ndani ya chupa pana ya kioo, na mfuniko utobolewe matundu madogo. Chupa moja iwekwe kwenye rafu ya jikoni, mbali na moshi na mwali. Ya pili iwekwe katika chumba cha baridi. Kila chupa iwe na kipimajoto, na wanafunzi waandike joto saa moja asubuhi na saa nane mchana, kila siku. Zisiwekwe juani: kioo hunasa joto, na yai huiva kwa muda mfupi.

Mara moja kwa juma yai limulikwe kwa tochi kwa sekunde chache, bila kuguswa. Yai zima huonyesha rangi ya waridi na mishipa ya damu. Yai lililokufa hugeuka manjano au kijivu. Penye joto la nyuzi 25 hadi 30, mjusi hutoka kwa kadiri ya miezi miwili. Penye baridi huchelewa, au hatoki kabisa. Akiwa tayari, hulikata gamba kwa meno mawili madogo ya kuangulia ambayo huanguka baadaye. Asisaidiwe. Akishatoka, aachiliwe ukutani siku hiyohiyo.

Joto huweza kuamua hata zaidi ya urefu wa siku. Mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, Senegali, alitangaza kwamba katika mayai ya mjusi aina ya Agama agama, joto la kutotolea huathiri jinsia ya makinda. Baadaye jambo hilo lilithibitishwa kwa mamba na kasa. Mayai ya mamba wa Nile yakitunzwa katika nyuzi 28 hadi 31 hutoa majike. Madume hutokea joto linapozidi hapo. Kwa kasa mambo ni kinyume: joto likizidi, majike huzidi.

Hadhari

Mayai laini yaliyookotwa shambani yasipelekwe nyumbani. Yaweza kuwa ya nyoka, na fira huwa na sumu tangu siku atokayo katika yai. Vinyonga nao wasikamatwe: wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1977, na wanyamapori wa Tanzania hulindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Shule itakayo kufanya uchunguzi mpana zaidi ianze kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Lililobaki ni swali ambalo wanafunzi wa Rungwe wana nafasi nzuri ya kulifuatilia. Dunia inazidi kupata joto. Kinyonga wa tambarare aweza kupanda mlima polepole, kizazi baada ya kizazi, akifuata udongo umfaao. Kinyonga wa milimani naye atapanda. Lakini mlima una kilele, na juu ya kilele hakuna msitu. Msitu wa Mlima Rungwe, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, ndio makazi yake. Kijana wa Kyimo amwonapo mmoja ameota jua kwenye kichaka asubuhi ya baridi, na asiokote jiwe. Huenda ni mama aliyebeba watoto wake, akiwachotea joto la siku hiyo.