Tusiuze ala kuukuu kwa kilo

Kuna tabia inayozidi kuenea huku vijijini, nayo ni ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu kila kitu kuukuu bila kwanza kujua kitu hicho ni nini. Nitaeleza kwa mfano wa gitaa moja lililokuwa katika stoo ya kwaya ya kijiji ninachofundisha.

Gitaa hilo halifanani na magitaa tuliyoyazoea. Halina tumbo, wala halina shingo ya kushika kiganjani. Ni kama meza nyembamba yenye miguu minne ya chuma. Juu yake zimelazwa nyuzi nane, na chini yake zimo pedali nne. Watoto waliliita cherehani. Wazee waliliita kinanda cha Wajerumani, wakisema liliachwa na wamisheni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kamati ya kwaya ilikuwa imekwisha kata shauri liuzwe, na mnunuzi alikwisha fika na mizani yake. Niliwaomba wazee wanipe mwezi mmoja tu nilichunguze, nao kwa hisani yao wakakubali.

Kwanza niwaeleze wasomaji namna linavyopigwa. Mpigaji huketi nyuma yake kama mtu aliyeketi mezani. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini na kukitelezesha juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, na vidole vya kulia huzidonoa. Akikanyaga pedali, uzi fulani huvutwa na sauti yake hupanda, huku nyuzi nyingine zikibaki zilivyo. Ndiyo maana mlio wake huteleza na kulalama kama sauti ya binadamu. Wengi wetu tumekwisha usikia bila kujua unatoka wapi, kwa mfano katika nyimbo za Don Williams, Mmarekani aliyependwa sana Afrika Mashariki na kufariki mwaka 2017.

Sasa, je, gitaa hili lingeweza kuwa la Wajerumani? Historia inakataa. Upigaji wa gitaa kwa kutelezesha chuma ulitoka visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874. Gitaa la umeme la namna hiyo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1932, likitengenezwa na kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker. Pedali zilifuata baadaye, na sauti yake ilivuma hasa mwaka 1954 kwa wimbo wa Webb Pierce ambamo Bud Isaacs alipiga gitaa la pedali. Kiwanda cha Fender cha California kilitoa magitaa yake ya pedali kuanzia mwaka 1957. Utawala wa Wajerumani hapa kwetu ulikuwa umekwisha zamani.

Lakini mzee mmoja wa kwaya aliniambia, "Mwalimu, hayo ni ya vitabuni. Sisi tuliambiwa na baba zetu." Kwa heshima yake nikaona ni lazima gitaa lenyewe litoe ushahidi.

Kibandiko cha jina kilikuwa kimeng'oka. Basi mimi na fundi redio wa hapa tukafungua bamba la chuma lililofunika kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti. Mgongoni mwa kifaa hicho tulikuta tarakimu zimegongwa: 304 6321. Viwanda vya Marekani vilikuwa na utaratibu wa kugonga tarakimu kama hizo kwenye vifaa vya redio na vya muziki. Tatu za kwanza ni za kiwanda. 304 ni Stackpole na 137 ni CTS. Mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. Kwa hiyo kifaa kile kilitengenezwa katika wiki ya 21 ya mwaka 1963, yaani karibu na mwisho wa Mei. Vifaa vya zamani zaidi vina tarakimu moja tu ya mwaka, kwa hiyo msomaji atakayejaribu awe mwangalifu.

Tarakimu hizo peke yake hazitoshi, maana kifaa huweza kubadilishwa. Tulitazama lehemu, tukaona ni ya zamani na haijaguswa. Kisha tukalilaza gitaa kifudifudi. Kuna magitaa ya pedali ambayo pedali zake huvuta nyuzi kwa fito za chuma, lakini hili linavuta kwa nyaya kama za breki za baiskeli. Nyuzi nane, pedali nne, nyaya badala ya fito, na hakuna chuma cha kusukuma kwa goti: yote hayo yanaafikiana na aina ya Fender 400. Haliwezi kuwa lilifika kabla ya mwaka 1963, na nchi yetu ilikwisha pata uhuru mwaka 1961.

Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa kama ni hivyo, basi lililetwa yeye akiwa kijana, na waliolibeba kutoka kwenye lori pengine bado wapo. Wiki hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kuwauliza wazee wenzake, na majina matatu yakapatikana na kuandikwa. Hadithi ya Wajerumani ilikuwa imewafanya watu wasiulizane kwa miaka mingi, kwa sababu kila mmoja alidhani wanaojua walikwisha kufa.

Kuhusu matengenezo, nitataja yale yanayoweza kuwasaidia wengine. Kwanza, tulipiga picha kila upande kabla ya kufungua skrubu hata moja, na skrubu za kila sehemu tukaziweka katika kopo lake lenye karatasi ya maelezo. Pili, grisi iliyoganda tuliiondoa kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kwenye chuma tu, bila kugusa mbao. Kila kiungo kikapata tone moja la mafuta ya cherehani. Tatu, tulipima kwa mita waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku za kunasa mlio wa nyuzi, tukaona haukukatika, hivyo hatukuugusa. Nne, nyaya mbili za pedali zilikuwa zimekatika, na fundi baiskeli akaweka waya wa ndani wa breki. Zile za zamani hatukuzitupa. Nyuzi mpya zilifungwa mwisho kabisa.

Kijana mmoja alitaka kulipaka rangi nyeupe lifanane na mabenchi ya kwaya. Tulimkatalia, kwa sababu msasa na rangi vingefuta vanishi ya kiwandani ambayo nayo ni ushahidi. Mwingine alitaka kulichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Hilo ni hatari kubwa! Gitaa la namna hii huunganishwa na amplifaya tu, kama magitaa mengine ya umeme.

Leo gitaa linalia. Mwanakwaya mmoja anajifunza kulipiga, na asidhani mtu kwamba chombo hiki hakifai kwa muziki wa Kiafrika. Mnigeria Demola Adepoju alilipiga gitaa la pedali katika bendi ya King Sunny Ade, likasikika katika sahani yao ya Juju Music ya mwaka 1982. Mwaka 1986 akalipiga pia katika Graceland ya Paul Simon.

Ndugu Mhariri, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gitaa hili lilikaribia kupotea si kwa sababu lilikuwa bovu, bali kwa sababu hapakuwa na mstari mmoja ulioandikwa juu yake. Je, ni zeze ngapi, marimba ngapi na ngoma ngapi katika shule zetu ambazo aliyezichonga hajulikani, ingawa mjukuu wake anasoma darasa la tatu hapo hapo?

Nashauri kila shule na kila kwaya iwe na daftari la vyombo vyake: chombo ni nini, kilitoka kwa nani, lini, na kipi kimebadilishwa. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa kuwauliza wazee wao, nayo haihitaji fedha za mfadhili. Mnunuzi wa vyuma akija na mizani, aonyeshwe kwanza daftari. Kisichoandikwa humo kisipimwe mpaka kiulizwe habari zake.

Mwalimu wa Kijijini,
Makete.