Bili ya tovuti nzito hulipwa na mgeni

Picha moja ya simu ya kisasa, ikipandishwa tovutini kama ilivyotoka kwenye kamera, hufika megabaiti 4 bila shida. Tuseme mgeni yuko Mbozi Mission, mkoani Songwe, anataka kujua njia ya kwenda kwenye Kimondo cha Mbozi na kiingilio ni shilingi ngapi, na ukurasa anaoufungua umebeba picha 10 za namna hiyo. Hizo ni megabaiti 40. Kwa shilingi 9.35 kwa megabaiti, bei ya nje ya bando ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imekuwa ikiitaja kwenye takwimu zake, zimeteketea shilingi 374. Mwenye bando anapona kidogo: kwa shilingi 2 na ushee, ni kama 80 hivi.

Muda nao una hesabu yake. Mtandao ukienda megabiti 1 kwa sekunde, mzigo huo huchukua sekunde 320, yaani dakika 5 na zaidi. Nani atasubiri?

Picha hizohizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti, zote ni megabaiti 2: shilingi 19, sekunde 16. Kazi hiyo fundi wa tovuti huifanya mara moja tu. Isipofanyika, wageni 1,000 wasio na bando watalipa jumla ya shilingi 374,000 badala ya 18,700, na risiti haimfikii mwenye tovuti. Ndiyo maana haimuumi.

Wengine hufungiwa mlango kabisa. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya usalama vya bure vya Let's Encrypt, na tangu mwisho wa Septemba 2024 simu nyingi za Android iliyo chini ya 7.1.1 hazivitambui. Kivinjari kinatoa onyo, ukurasa haufunguki.

Halafu kuna asiyeona. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. TalkBack, programu ya Android ya kusoma kioo kwa sauti, humsomea maandishi, lakini kiingilio kilichobandikwa kama picha isiyo na maelezo hakisomeki. Kikiandikwa kwa maneno hakifiki hata kilobaiti 1! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, kwa hiyo hili si suala la hisani.

Wewe mwenye tovuti, kabla ya kumalizia malipo ya fundi, weka vocha ya 500 kwenye simu ya zamani isiyo na bando, fungua tovuti yako ukiwa Tunduma au Mbozi Mission, kisha angalia salio.